Mwanzo wa ngoma ni lele

Waswahili husema mwanzo wa ngoma ni lele. Maana yake ni kwamba hata ile ngoma kubwa inayokesha mpaka alfajiri na kuwatoa watu majumbani huanza na sauti ndogo tu. Leo, ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma hapa gazetini, nataka niuazime msemo huo kuzungumzia gitaa, na hasa swali moja ambalo wazazi na vijana huniuliza mara kwa mara: mtu anayeanza kujifunza gitaa aanze na wimbo gani?

Huenda ukaona swali hilo ni dogo, tena ni la mchezo. Mimi silioni hivyo. Nimeingia nyumba nyingi humu mjini nikalikuta gitaa limetundikwa ukutani, nyuzi mbili zimekatika, vumbi limelala juu yake. Ukiuliza, utaambiwa ni la kijana wa nyumba ile, alianza kwa moto mkubwa, akaacha kabla ya mwezi wa pili kwisha. Ukidadisi zaidi utasikia kwamba alitaka kuanza moja kwa moja na seben ya Kikongo, au na solo la marehemu Mbaraka Mwinshehe. Wiki ya kwanza vidole viliuma. Wiki ya pili akaona anachokipiga hakifanani hata kidogo na kile alichokisikia. Wiki ya tatu akakata shauri kwamba yeye hakujaliwa kipaji. Kumbe kipaji chake hakikupata hata nafasi ya kujaribiwa. Kilichokosewa ni wimbo wa kwanza.

Historia inatufundisha nini juu ya jambo hili? Tuanze na chombo chenyewe. Wanamuziki wa zamani hapa Tanzania, wanapolitaja gitaa lisilotumia umeme, ambalo wengi tunaliita gitaa kavu, mara nyingi husema “galatoni”. Jina hilo si la Kiswahili wala si la Kizaramo. Limetokana na Gallotone, nembo ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg, ambayo chanzo chake ni duka la santuri alilolifungua Eric Gallo mwaka 1926. Nembo hiyo hiyo ilibandikwa kwenye santuri na kwenye magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini. Watu wakaizoea hata jina la nembo likawa jina la kitu, kama tulivyozoea kuita kila dawa ya meno kwa jina la kampuni moja.

Magitaa hayo yalisafiri mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1957, katika mji wa bandari wa Liverpool nchini Uingereza, kijana wa miaka 16 aitwaye John Lennon alikuwa na gitaa lake la kwanza, nalo lilikuwa Gallotone Champion, yaani galatoni hasa, ndugu yake lile la Morogoro na la Nairobi. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa The Beatles, bendi ambayo sina haja ya kueleza umaarufu wake.

Sasa hebu tujiulize: kijana yule na galatoni lake alianza na wimbo gani? Mama yake, Julia, alijua kupiga banjo. Alimfundisha mwanawe yale aliyoyajua, akamwekea nyuzi nne za gitaa katika mlio wa banjo. Wimbo wa kwanza aliojifunza ulikuwa “Ain't That a Shame” wa Fats Domino, Mmarekani mweusi wa New Orleans, ambao ulitoka mwaka 1955. Ulikuwa wimbo uliovuma, kijana alikuwa nao mdomoni tayari, na unapigika bila mbwembwe yoyote. Hata siku ya tarehe 6 Julai 1957, alipokutana kwa mara ya kwanza na Paul McCartney katika sherehe ya kanisa kwenye kitongoji cha Woolton, Lennon alikuwa bado anapanga vidole vyake kama mpiga banjo. Hakungoja ajue kila kitu ndipo apande jukwaani.

Wala hakuwa peke yake. Uingereza ya miaka ile ilikumbwa na wimbi la muziki walioupa jina la skifuli. Vijana walipiga kwa vifaa vya nyumbani: ubao wa kufulia nguo ukawa ngoma, sanduku la majani ya chai likatiwa mti na kamba likawa besi, na juu yake gitaa moja au mawili ya bei rahisi. Aliyewasha moto huo ni Lonnie Donegan, kwa wimbo “Rock Island Line” uliovuma mwaka 1956. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Wamarekani weusi. Mtafiti John Lomax aliurekodi mwaka 1934 kwa wafungwa wa jimbo la Arkansas, kisha Lead Belly akaueneza. Ni wimbo wa watu wa kazi, wa kuitikiana, usio na kodi nyingi.

Hapo nimetaja kodi, na lazima nieleze kabla mwenye nyumba hajaamka. Kodi ninayoisema si ile ya mwisho wa mwezi, wala ile ya mapato. Kwa wapiga gitaa, kodi ni sauti kadhaa zinazolia pamoja kwa mpigo mmoja wa mkono. Nyimbo ambazo wafundishaji wengi wa gitaa huzipendelea kwa mwanafunzi mpya ni zile zenye kodi tatu, ama hata mbili.

Kwa nini tatu? Jibu analo kila mwanakwaya aliyepitia do, re, mi. Chukua kodi ya kwanza: ina do, mi, so. Chukua ya pili: ina fa, la, do. Chukua ya tatu: ina so, ti, re. Sasa hesabu. Umezipata sauti zote saba za ngazi ya muziki, hakuna iliyobaki nje. Ndiyo maana maelfu ya nyimbo duniani, ziwe za kanisani, za harusini au za baa, hukaa vizuri juu ya kodi hizo tatu. Mtu aliyezishika hana wimbo mmoja, bali ana ufunguo wa nyumba nyingi.

Na sisi Waafrika hesabu hiyo hatukuletewa jana. Mfumo huo wa kusoma muziki kwa do, re, mi ulienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ukaletwa huku na wamisionari. Mwalimu Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliutumia mwaka 1897 alipotunga “Nkosi Sikelel' iAfrika”, wimbo ambao sisi Tanzania tunauimba kwa Kiswahili kama wimbo wa taifa. Kwa hiyo mtoto wa kwaya anayeshika gitaa leo haanzi na sifuri. Sikio lake limekwisha kufundishwa. Ni vidole tu ndivyo vinavyosubiri.

Turudi sasa kwenye nembo yetu ya Gallotone, maana haikuishia kwenye magitaa. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey, akisafiri na mashine zake za kunasa sauti, alifika Jadotville katika Kongo ya Wabelgiji, mji ambao leo unaitwa Likasi. Katanga ya wakati ule ilikuwa nchi ya migodi ya shaba. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, na lugha iliyowaunganisha kambini ilikuwa Kiswahili. Hapo Tracey alimkuta kijana wa miaka kama 22, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, mji mkuu wa zamani wa mtawala Msiri ambaye asili yake ilikuwa huku kwetu Usumbwa. Akamrekodi. Kati ya vipande alivyopiga Bosco kimo “Masanga”, na santuri zake zikatoka kwa nembo ya Gallotone.

Bosco alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada. Lakini ukimsikiliza utaapa kwamba wapo watu wawili. Gumba linatembea chini kwenye besi, shahada inacheza juu na wimbo wake, na mapigo hayo mawili yanapishana bila kugongana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 Bosco alikaa Nairobi, akasikika redioni, na wapiga gitaa wengi wa Afrika Mashariki wakaathiriwa na mkono wake, pamoja na ule wa ndugu yake Edouard Masengo. Mtaalamu David Rycroft aliandika makala mbili katika jarida moja la muziki wa Afrika, mwaka 1961 na 1962, akijaribu tu kuandika kwenye karatasi yale yaliyofanywa na vidole viwili vya Mwenda Jean Bosco.

Hapo ndipo penye mtego, ndugu zangu. Wimbo ambao msomi anauandikia makala mbili si wimbo wa kuanzia. “Masanga” unasikika mwepesi kwa sababu aliyeupiga alikuwa fundi. Wepesi wa fundi humdanganya mwanafunzi, kama vile mtazamaji wa mpira anavyoona kupiga chenga ni jambo la kawaida mpaka siku anapoingia uwanjani. Huo ndio wimbo wa kuufikia, siyo wa kuanzia, na katika muziki wetu zipo nyimbo za kila hatua ya njia hiyo.

Tazama Nairobi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fadhili William na wenzake walirekodi “Malaika”. Wimbo ule umeleta ubishi mkubwa juu ya nani hasa aliutunga, maana Adam Salim naye alidai kuwa ni wake, na ubishi huo sitaujaribu kuumaliza leo. Ninalotaka tulione ni jinsi ulivyojengwa. Unakwenda polepole. Unapigika kwa kodi tatu. Habari yake, ya kijana anayependa lakini hana uwezo wa kuoa, inaeleweka na kila mtu. Ndani ya miaka michache Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauweka katika sahani yao ya mwaka 1965, na mwaka 1981 kundi la Boney M nalo likauimba. Wimbo ambao mwanafunzi wa mwezi wa pili anaweza kuupiga kwa mkono unaotetemeka umeimbwa katika kumbi kubwa za dunia.

Mfano mwingine ni Daudi Kabaka, mwimbaji wa Kenya aliyetuchezesha twist. Wimbo wake “Helule Helule” ulivuka bahari, na mwaka 1968 bendi ya Kiingereza ya The Tremeloes ikaurekodi na kuuingiza katika orodha ya nyimbo zilizovuma Uingereza. Miaka 11 tu kabla ya hapo, vijana wa nchi ile walikuwa wanahangaika na magitaa yaliyotengenezwa Afrika wakitafuta nyimbo nyepesi za kujifunzia. Sasa Afrika ilikuwa inawapelekea na nyimbo pia.

Na tusimsahau Franco Luambo Makiadi, ambaye wengi humtaja kama kilele cha gitaa la Kongo. Franco alizaliwa mwaka 1938. Alianza na gitaa la kujitengenezea mwenyewe, akapiga pembeni ya meza ya mama yake aliyekuwa akiuza maandazi sokoni huko Léopoldville, ili kuvuta wateja. Shule gani bora kuliko hiyo? Mnunuzi wa andazi hasimami kusikiliza mtu anayejaribu jambo asiloliweza. Husimama akisikia kitu kinachotembea, chenye mapigo, ambacho mguu wake unakifahamu. Mwaka 1956 Franco alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa O.K. Jazz. Lakini meza ya maandazi ilitangulia.

Kutokana na mifano hiyo, mimi naona wimbo wa kwanza una sifa nne.

Sifa ya kwanza, uwe wimbo ambao mwanafunzi anaujua tayari, anaweza kuuimba akioga bila kuulizia maneno. Kidole kikikosea, sikio litamwambia papo hapo. Asiyeujua wimbo hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, na mtaka yote hukosa yote.

Sifa ya pili, uwe na kodi mbili au tatu, na zibadilike polepole. Kinachomshinda mwanafunzi si kuishika kodi. Kinachomshinda ni kuhama kutoka hii kwenda ile bila wimbo kusimama. Wimbo unaompa mapigo manne au manane kabla ya kuhama unampa nafasi ya kupumua.

Sifa ya tatu, uwekwe katika sauti inayolifaa gitaa. Hapa walimu wengi wanaopiga kinanda hukosea. Kwenye kinanda do huwekwa C kwa sababu ndiyo njia nyeupe. Kwenye gitaa njia hiyo inakupeleka kwenye F, ambayo kwa kawaida inataka kidole cha shahada kilale na kubana nyuzi zote sita, na kwenye gitaa la bei nafuu lenye nyuzi zilizoinuka hayo ni mateso. Weka do kwenye A. Kodi zako zitakuwa A, D na E, kila moja kwa vidole vitatu tu karibu na kichwa cha gitaa, nyuzi nyingine zikilia wazi. Kama sauti hiyo haiufai mdomo wa mwimbaji, mitaani watu wamefunga kalamu ya risasi kwa mpira kwenye shingo ya gitaa, sauti ikapanda na vidole vikabaki palepale.

Sifa ya nne, uwe wimbo ambao watu wa nyumbani wataitikia. Hili vitabu vingi hulisahau. Magharibi mwa Kenya, katika mtindo wa omutibo alioupa sifa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, gitaa kavu lilisindikizwa na mwenzako anayegonga chupa ya soda. Gitaa lilikuwa na wenzake. Kijana anayejifunza chumbani peke yake, akitazama video kwenye simu, hana wa kumwitikia, na akikosea mara tatu hakuna wimbo wa watu wengine wa kumbeba avuke.

Najua yupo anayenisikiliza akasema: nyimbo hizo ni za kitoto. “Malaika” umechosha. “Jambo Bwana” ya Them Mushrooms, iliyotoka mwaka 1982, ni ya kuwafurahisha watalii mahotelini. Kijana wa leo anataka kitu cha maana. Kauli hiyo nimeisikia sana, hata kutoka kwa wanamuziki wenyewe ambao usiku ule ule wataipiga “Jambo Bwana” ili wapate nauli ya kurudi nyumbani.

Mimi nasema rahisi si duni. Wimbo mwepesi kuupiga si wimbo uliokuwa mwepesi kuutunga. Kuchukua kodi tatu ambazo kila mtu anazo, ukatoa humo wimbo unaoimbwa miaka 60 baadaye na watu wasioijua lugha yake, ni kazi ya fundi. Tena dharau hiyo ina gharama. Wapigaji wa galatoni wanapungua mwaka hadi mwaka, na ufundi wao haukuandikwa vitabuni ila kidogo. Kijana hawezi kuurithi kwa kuruka kutoka chini mpaka kwa Mwenda Jean Bosco. Anahitaji ngazi, na kipandio cha kwanza cha ngazi hiyo ni zile nyimbo tunazozicheka. Tukizidharau, tusishangae watoto wetu wakijifunza kwa nyimbo za wenzetu, kisha wakatuambia kwamba muziki wa nyumbani hauna cha kujifunzia.

Kwa hiyo, mzazi, mjomba, mwalimu wa kwaya, kama una kijana mwenye gitaa jipya, usimnunulie kwanza kitabu kinene. Keti naye jioni, mwambie aliweke gitaa pembeni, aimbe. Wimbo utakaomtoka wenyewe, bila kufikiri, ndio huo. Mtafutieni kodi zake tatu, nanyi nyote mliopo muitikie.